Uwanja Usio na Jukwaa

Mtu akaaye Mkomani huanza kuisikia Maulidi ya Lamu kabla hajavaa viatu. Sauti huja juu ya madari ya nyumba, ikipanda na kushuka kwa upepo, na kwa kuwa nyumba zetu za mawe zina kuta nene na madirisha machache, haipiti mlangoni bali huteremka katika ua wa ndani kama mvua. Usiku mmoja wa wiki ya mwisho ya Mfungo Sita nilikaa darini nikaisikiliza muda mrefu, kisha nikaandika katika daftari langu hukumu hii: kwamba muziki wa uwanjani ni muziki wa masafa, na kwamba masafa huondoa adabu ya sauti. Hukumu ile ilinipendeza sana. Siku ya pili alasiri nilivaa viatu nikaenda kuisikiliza Maulidi ilipo, na msomaji ataona jinsi daftari langu lilivyoharibika.

Yafaa kwanza kueleza mahali penyewe. Mkomani ni upande wa kaskazini wa mji wa Lamu, mtaa wa nyumba kongwe za mawe. Langoni ni upande wa kusini, na huko ndiko uliko msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Saleh Jamal al-Layl, mwanachuoni aliyetoka Ngazija akaja Lamu katika karne ya 19. Habib Saleh alifundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakuwa na desturi ya kuwafundisha: wageni, maskini, watumwa na waliokuwa watumwa. Tena aliingiza Lamu maulidi yaliyotungwa na Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiwun, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1915. Na maulidi hayo husomwa kwa matari na nai. Abdul Hamid el-Zein, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1974, ameeleza jinsi mambo hayo yalivyowachukiza baadhi ya watu wa koo za zamani, waliozoea maulidi ya Barzanji yasomwayo kwa utulivu. Sitaki kuificha asili yangu. Mimi ni wa Mkomani, na sikio langu limelelewa vyumbani, kwa udi upigwao mbele ya watu kumi, kama ulivyopigwa na Zein l'Abdin, fundi mkubwa aliyezaliwa katika mji huu. Huenda hukumu ya daftari langu ilikuwa ya zamani kuliko mimi.

Kutoka Mkomani kwenda Langoni hupitwa Usita wa Mui, njia kuu ya mji, isiyopitika gari. Hatua za mwanzo nilisikia kipaza sauti peke yake. Maneno yalikuwa wazi kabisa, lakini hayakuwa na mwenyewe. Hayakutoka kulia wala kushoto. Nilipofika Mkunguni, mbele ya ngome ambayo ujenzi wake ulikwisha mwaka 1821, niliisikia ngoma kwa mara ya kwanza, na niliisikia miguuni kabla ya masikioni. Zumari ilifuata, nyembamba, kama uzi. Nilisimama hapo, maana niliona ajabu: kadiri nilivyokaribia, kelele ilipungua na muziki ukazidi. Kipaza sauti kilikuwa kimeniletea nyumbani ukubwa wa shughuli, kikauacha muundo wake uwanjani.

Sasa tuje kwenye goma, kwa kuwa ndilo lililonisahihisha zaidi. Goma huchezwa na wanaume wa makamo na wazee, nao vijana huruhusiwa wakijua kutulia. Wamevaa kanzu na kofia, wamesimama safu bega kwa bega, na kila mmoja ana bakora. Mgeni akitazama kwa dakika tano huona kwamba hapana kinachotokea. Safu huinama kidogo, bakora huinuka kidogo, mguu husogea nusu ya hatua ukarudi. Nimesikia kijana mmoja nyuma yangu akisema kwamba wazee wamechoka. Kosa hili ni la kawaida, nami nililifanya utotoni. Hutokana na kutazama mchezaji mmoja. Mchezaji mmoja wa goma hachezi kitu. Inayocheza ni safu, na safu ya watu thelathini haiwezi kwenda mbio kisha ibaki safu. Mwendo wao wa polepole ni ufundi wa kufanya miili mingi iwe na pumzi moja katika uwanja ambao yule wa mwanzo hamwoni wala hamsikii vizuri yule wa mwisho. Ngoma huwapa mahali pa kukanyaga, na zumari huwaonyesha muda wa kuinuka.

Na mpiga zumari asitazamwe kwa haraka. Hujaza mashavu hewa kama viriba, akavuta pumzi kwa pua huku akitoa sauti kwa kinywa, hata sauti isikatike. Katika chumba sauti ile haivumiliki, nimejaribu, nikatoka. Ni kali mno. Lakini uwanjani, juu ya ngoma na minong'ono ya mamia ya watu na punda wanaolia upande wa pili wa ukuta, ni ukali huo huo unaoipitisha katikati ya yote bila kupigana na lolote. Mimi niliyeandika kwamba masafa huondoa adabu ya sauti nilikuwa nimelinganisha zumari na udi, kama mtu anayelaumu jahazi kwa kuwa haliingii sebuleni.

Kirumbizi ni mchezo mwingine, na hapo sifa zangu zina mipaka. Watu hufanya duara, wawili huingia kati na fimbo, wakashambuliana na kukingana huku ngoma zikihimiza. Kikichezwa vyema, huwezi kusema kama ngoma inaifuata fimbo au fimbo inaifuata ngoma: pigo la kukinga hulia mahali ambapo ngoma imeacha nafasi, ikawa fimbo nayo ni chombo katika muziki. Nilimwona mzee mmoja akifanya hivyo mara tatu mfululizo, tena bila kuonekana kutumia nguvu, na duara lote likaguna kwa pamoja. Lakini baada yake waliingia vijana wawili waliojua kwamba wanapigwa picha. Walijigeuza wakaelekea zilipo simu nyingi, na kwa kufanya hivyo wakalipa mgongo nusu ya duara. Fimbo zao zilikuwa za kasi na za kupendeza macho, ila ziligonga popote. Mpiga ngoma aliwafuata kwa muda, kisha nadhani alikata tamaa, akapiga mapigo ya kawaida tu. Duara lilikuwa limegeuka jukwaa bila mtu kuleta ubao hata mmoja.

Neno hilo jukwaa lataka maelezo, nisije nikadhaniwa nalidharau. Zipo tamasha kubwa za uwanjani duniani zilizojengwa juu yake. Mwezi Agosti 1969, katika shamba la ng'ombe wa maziwa jimboni New York, Marekani, watu zaidi ya laki nne walikusanyika kwa tamasha iitwayo Woodstock. Bila jukwaa na vipaza sauti hapana njia ambayo umati ule ungesikia lolote. Kwetu pwani, tamasha ya Sauti za Busara ilianza Unguja mwezi Februari 2004, ikafanyika miaka mingi ndani ya Ngome Kongwe, chini ya mbingu wazi. Humo aliimba mara kadhaa Bi Kidude, aliyefariki mwezi Aprili 2013. Mwanamke yule alijifunza kuimba zama ambazo sauti ilikuwa haina msaada ila kifua cha mwimbaji, na alipopewa kipaza sauti hakupunguza nguvu hata kidogo. Jukwaa lilimfaa kwa sababu alikuja nalo uwanja wake. Waimbaji wenye haiba kama hiyo ni wachache. Lakini safu ya goma ikipandishwa jukwaani na kupewa dakika kumi, hupotea, maana dakika kumi hazitoshi hata kwa safu kuanza kupumua pamoja, na mtazamaji aliyeketi mbele hawezi kusikia kutoka ubavuni, mahali ambapo goma husikika vyema zaidi.

Usiku yalisomwa maulidi yenyewe. Uwanja mbele ya msikiti ulijaa, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Ubani ulifukizwa, watu wakanyunyiziwa marashi ya mawaridi. Vijana walikuwa wamepasha matari moto ili ngozi zikaze, kwa kuwa hewa ya bahari huzilegeza. Kazi hiyo inastahili heshima: tari lililolegea huwa na sauti ya mkeka unaopigwa vumbi. Walizikaza vizuri sana. Hata hivyo kilichonifikia kwa vipaza sauti kilikuwa mlio mkavu wa bati, na sauti ya msomaji ilikuwa kubwa kiasi cha kuwafunika waitikiaji. Hili ni kosa la ufundi, si jambo dogo. Kasida hii ina nusu mbili, mtoaji na waitikiaji, na uzuri wake ni ule wakati mfupi ambapo mmoja anamaliza na mamia wanapokea. Nilitamani kwa dhati mtu azime chombo kile.

Nilimweleza shangazi yangu haya niliporudi nyumbani. Yeye magoti yake hayamruhusu kwenda Langoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Na mimi, mwanangu, ungenisomea nani?" Sikuwa na jibu, na hata leo sina lililo kamili. Kipaza sauti kile kile kilichowafunika waitikiaji kilimfikishia yeye kila neno kitandani, na pale watu waliposimama wote kwa kuzaliwa Mtume, yeye alikaa wima kwa wakati mmoja nao. Mhakiki anayepima sauti peke yake angesema shangazi yangu alisikia nusu mbaya ya kitu. Naye angesema mimi nilikuwa na miguu. Naona tu kwamba chombo kingeweza kushushwa kidogo, na kingine kikawekwa mbele ya waitikiaji. Lakini hiyo ni shauri ya fundi, na fundi hakuniuliza.

Ijumaa zefe lilitoka. Hapo sikuweza tena kusimama ubavuni na daftari, kwa sababu zefe halina ubavu: njia ni nyembamba, bendera mbele, matari yanafuata, na kila aliyeko njiani huchukuliwa. Watu walitoka Lamu, Pate, Malindi, Mombasa na mbali zaidi, na kila madrasa ilikuja na mwendo wake wa kupiga, hata nilisikia miendo miwili kwa wakati mmoja, mmoja mbele yangu na mmoja nyuma, ikigongana na kupatana kila tulipopinda kona. Jambo hilo halisikiki darini Mkomani, wala halitaingia katika mtambo wowote wa kunasa sauti, maana ni lazima mtu awe kati ya makundi mawili, na atembee. Karibu nami alikuwa kijana wa miaka kama kumi na mitano, tari lake limelegea kwa jasho la kiganja. Alilipiga hivyo hivyo hatua kadhaa, akakunja uso, kisha alipoona jua limeingia katikati ya paa mbili aliliinua juu ya kichwa, akaenda nalo hivyo bila kupiga mpaka ngozi ikakaza, ndipo akaingia tena, mahali pake hasa.