Sifa ya Mtunza Mapipa

Dizeli ya kituoni imemzoesha mwenye pikapu kutofikiria mafuta yake. Anajaza tanki, anafunga mfuniko, anakwenda zake. Akiacha dumu stoo kwa miezi kadhaa, bado atalikuta linafaa. Biodizeli haimpi mtu raha hiyo. Imetoka kwenye kitu kilichokuwa na uhai, iwe mawese, alizeti, mbono au mafuta yaliyokwisha kukaanga chipsi, na chenye asili hiyo kisipotunzwa huchacha. Watu husimulia sana jinsi ya kuipika. Mimi namsifu anayeitunza, kwa sababu naamini ufundi wenyewe uko kwake.

Upishi hauna siri tena. Mafuta huchujwa, hukaushwa maji, hupashwa hadi karibu nyuzijoto 55, kisha huchanganywa na methanoli iliyoyeyushiwa kostiki. Methanoli huwa kama moja ya tano ya ujazo wa mafuta. Kostiki hupimwa kwa gramu, na mafuta yaliyotumika hudai zaidi kuliko mapya kwa kuwa asidi yake imepanda. Baada ya kukorogwa na kuachwa yatulie, gliserini nzito ya kahawia huzama, biodizeli hubaki juu. Hiyo ya juu huoshwa kwa maji, hukaushwa, hupimwa. Methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, na mwali wake hauonekani mchana, kwa hiyo kazi hii haina nafasi jikoni wala karibu na watoto. Mtu makini akifundishwa vizuri ataiweza.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Katika Maonyesho ya Paris ya 1900, injini moja ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ilizunguka vizuri, lakini mafuta ya mimea yakiachwa yalivyo ni mazito mno. Baada ya muda huacha masizi kwenye nozo na kuziziba. Dawa ya uzito huo ilipatikana Ubelgiji. Mwaka 1937, Georges Chavanne wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels alipewa hataza ya kuyageuza mafuta ya mawese kuwa mafuta mepesi ya injini kwa kutumia pombe. Mwaka uliofuata basi la abiria lilisafiri kati ya Brussels na Louvain likinywa mafuta hayo. Ubelgiji haina michikichi. Mawese iliyoyatolea macho yalikuwa ya Kongo, koloni lake, na mwanzo wa biodizeli hauwezi kusimuliwa kwa haki bila kuitaja ardhi hiyo na mikono iliyoangua mikungu yake.

Sasa tuingie stoo. Maadui wa biodizeli ni hewa, maji, joto, mwanga na baadhi ya metali. Oksijeni huyashambulia mafuta polepole, asidi inapanda, gundi inajitenga. Joto na jua huharakisha uharibifu huo. Shaba, risasi, bati na zinki huuchochea. Kwa hiyo mtunzaji anayejua kazi yake hatumii pipa lililopakwa zinki kwa ndani, wala koki ya shaba, hata kama ndivyo vinavyopatikana kwa bei nafuu. Huchagua chuma safi, alumini au plastiki ngumu isiyopitisha mwanga, akaweka kivulini. Wahenga walisema chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba, na hapa neno lao ni sheria ya kazi: dumu lililokaa maji ya chumvi au mafuta yaliyochacha litaambukiza kila kitakachomiminwa humo.

Maji yana hila yake. Biodizeli huyavuta na kuyashikilia kuliko dizeli ya kawaida. Pipa likiachwa nusu, hewa iliyomo hupoa usiku, unyevu wake ukatona kwenye kuta na kushuka chini. Pale mafuta yanapokutana na maji huota bakteria na kuvu, na mwisho wake ni ute mweusi unaoziba chujio. Ndiyo sababu mtunzaji hujaza pipa hadi karibu na mdomo, hufunga mfuniko barabara, huliinamisha kidogo ili maji yakusanyike upande mmoja, na huyamwaga kabla hayajawa mengi. Juu ya kila pipa huandika tarehe na aina ya mafuta yaliyolizaa. Biodizeli tupu haifai kupita miezi sita stoo, na katika joto la pwani busara ni kuitumia mapema zaidi.

Kuipima kwa jicho kuna uzuri wake. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu, chota mafuta kutoka chini ya pipa, maana uchafu haukai juu, kisha acha yatulie. Weka gazeti nyuma ya chupa. Maandishi yakisomeka vizuri kupitia rangi ile ya asali, mafuta ni makavu na safi. Yakionekana kwa ukungu, kuna maji au sabuni iliyobaki. Kisha ongeza kipimo cha pili: sehemu moja ya biodizeli ndani ya sehemu tisa za methanoli. Ikiyeyuka yote, mafuta yamegeuka. Tone likizama chini, bado kuna mafuta mabichi na kazi irudiwe. Hakuna mtambo wa gharama hapo. Kinachohitajika ni jicho lisilokubali kudanganywa na haraka.

Aina ya mafuta nayo ina hekima yake, na hapa ndipo mtunzaji anapomzidi mpishi. Biodizeli ya mawese hustahimili oksijeni kwa muda mrefu, lakini huanza kuingia ukungu na kuganda kwenye nyuzijoto kati ya 13 na 16. Ya alizeti huvumilia baridi vizuri zaidi, ila huchacha mapema. Mtu wa Kigoma anayetumia mawese ya huko hana shida mchana wa joto. Akipandisha pikapu yake Njombe mwezi wa Julai, asubuhi atakuta mafuta yamekuwa nta kwenye chujio na injini haipati kitu. Alizeti ya Singida ingemfikisha, lakini isingekaa sana pipani. Mtunzaji hujiuliza gari linakwenda wapi, lini, na mafuta yatakaa kwa muda gani, ndipo aamue achanganye nini na dizeli kiasi gani.

Garini pia kuna adabu zake. Biodizeli huosha. Ikiingia kwenye tanki la pikapu iliyokunywa dizeli chafu kwa miaka, hubandua takataka zote na kuzipeleka kwenye chujio. Gari hupoteza nguvu mlimani, na mwenye gari hulaumu mafuta mapya kwa uchafu wa zamani. Fundi mwenye uzoefu huanza na mchanganyiko mdogo, asilimia 5 kisha 20, na huwa na chujio la akiba chini ya kiti. Hukagua mipira ya njia ya mafuta, maana ile ya asili kwenye magari ya zamani huvimba na kulainika. Hufungua kibomba cha chini ya chujio, akakinga kikopo, akatazama maji yakitoka mpaka mafuta matupu yaanze. Na hujua mpaka wa kazi yake: pikapu mpya yenye kichujio cha moshi cha kisasa haipewi zaidi ya kiasi alichoruhusu mtengenezaji, kwani mafuta yanayoshindwa kuungua huteremkia kwenye oili ya injini na kuipunguza nguvu.

Malipo ya uangalifu huu yapo. Tangu Januari 2015 Afrika Mashariki ilihamia dizeli yenye salfa kidogo, hatua njema kwa mapafu yetu. Lakini kiwandani, njia ya kuondoa salfa huondoa pia utelezi wa asili wa dizeli, na pampu za pikapu nyingi za zamani hazina kilainishi kingine zaidi ya mafuta yanayopita ndani yake. Asilimia 2 tu ya biodizeli hurudisha utelezi huo. Iliyotengenezwa vizuri haishiki moto mpaka ipite nyuzijoto 100, hivyo kuihifadhi kuna hatari ndogo kuliko dizeli. Nishati yake kwa lita hupungua kwa karibu asilimia 8, na dereva ataliona hilo kwenye geji. Lakini lita hiyo ilikuwa imwagwe mtaroni nyuma ya kibanda cha chipsi.

Tunayo kumbukumbu ya kutufunza. Miaka ya 2000 mbono kaburi ulipigiwa debe kuwa mkombozi. Kisarawe, mwekezaji wa kigeni alipata zaidi ya hekta 8,000 za vijiji. Miaka michache baadaye mradi ukaanguka, wanakijiji wakabaki bila ardhi na bila ajira waliyoahidiwa. Tulianza na ukubwa kabla ya kujua matunzo. Mafuta yanayochacha ndani ya miezi sita hupendelea kupikwa karibu na panapotumika, kwa kiasi kinachomalizika, na mtu anayeweza kutaja kila pipa lilijazwa lini.

Kwa hiyo, anayetaka kuingia kwenye kazi hii namshauri ajenge stoo kabla ya kununua sufuria. Apate mapipa sahihi, kivuli, chupa ya kioo, daftari la tarehe na machujio ya akiba. Vyuo vyetu vya ufundi navyo viwafundishe vijana kutunza mafuta kwa uzito uleule wanaofundishwa kufungua injini. Gari linalozimika porini mara nyingi halikukosa injini nzuri. Lilikosa mtu wa kuyaangalia mafuta yake, na mtu huyo anastahili kuitwa fundi kama wenzake.