Anza na ethi, taa baadaye

Ukitaka kujua kama nyumba mpya ya Getanuwas, wilayani Hanang, imefungwa umeme na fundi anayeijua kazi, usianze kwa kuwasha taa. Taa huwaka hata kwenye kazi mbovu. Zunguka nyuma ya nyumba uitafute ethi rodi. Iangalie kwa macho tu, usiishike: imezama ardhini sawasawa, na waya wa kijani na njano umebanwa kwa klampu isiyo na kutu?

Huku Hanang, adui wa ethi ni kiangazi, kwa sababu udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida. Tuseme ukinzani wa ethi yako ni omu 50, na waya wa laivu umegusa bodi ya friji. Volti 230 gawa kwa 50, unapata ampea zisizofika 5. Breka ya ampea 32 haitajizima, maana hata pasi hula karibu kiasi hicho. Friji itabaki na umeme, ikimngoja atakayeigusa. Ndiyo maana fundi bora hupigilia rodi ndefu zaidi, au mbili zilizoachana, kisha hupima kwa mita mbele yako. Anayejaza chumvi shimoni simsifu: mvua huiosha, na chumvi yenyewe hula shaba.

Ndani, kwenye bodi ya breka, natafuta RCD. Hiyo hulinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Zikipotea miliampea 30 tu, pengine zinapita mwilini mwa mtoto, hukata kabla ya theluthi ya sekunde, hata kama ethi ni dhaifu. Breka haina uwezo huo. Kazi yake ni kuukinga waya usiungue. Bonyeza kitufe cha kujaribia, saketi zote inazozilinda zizime. Ila kitufe hicho hupima RCD yenyewe, hakipimi ethi, na fundi anayekwambia vinginevyo usimlipe bado.

Yaliyobaki ni ya haraka: waya wa milimita 2.5 za mraba kwa soketi, 1.5 kwa taa, swichi ikate laivu wala si nyutro, na kusiwe na maungio ya tepu yaliyofichwa darini. Muulize pia leseni yake ya EWURA kabla hajagusa ukuta, kwa kuwa TANESCO hukomea kwenye mita ya LUKU, na nyaya zinazoingia ndani kutoka hapo ni zako.