Mapishi ya Pande na Jarida Ambalo Halijachapwa

Mtu yeyote aliyepata kuketi uani katika nyumba moja ya Pande, wilayani Kilwa, wakati wa alasiri, jua limeanza kulegea na samaki wa mchana wamekwisha kugawanywa, akamtazama bibi mtu mzima akiikalia mbuzi yake na kuikuna nazi, hatakosa kukiri kwamba ufundi wa pwani hii haukuishia kwa wachonga milango na waunda majahazi, bali una maskani nyingine ambayo wenye kuandika tarikhi zetu wameipita bila ya kubisha hodi. Bibi niliyemtazama mimi aliigonga nazi kwa mgongo wa panga huku akiizungusha kiganjani, hata ikafunguka sawasawa katikati, na maji yake yakaingia bakulini bila ya tone kwenda chini. Alianza kukuna pembezoni, akishuka polepole kuelekea kitako cha kifuu, na kila alipohisi meno ya mbuzi yanakaribia lile ganda jembamba la kahawia lililogandamana na nyama ya nazi, aliigeuza, kwa maana ganda likiingia katika machicha tui hupoteza weupe wake. Mjukuu wake wa kike, aliyekuwa kando akipepeta mchele, hakuambiwa neno hata moja. Lakini macho yake hayakutoka katika mikono ya bibi yake.

Machicha yakatiwa maji ya uvuguvugu, yakakandwa, yakapakiwa katika kifumbu na kukamuliwa, na lile tui zito la kwanza, kasimile, likawekwa mbali likafunikwa. Maji ya pili na ya tatu ndiyo yaliyokwenda chunguni pamoja na ng'onda, ambao walikuwa wamerowekwa tangu asubuhi ili wapungue chumvi, na vipande vya embe bichi, na kitunguu, na bizari kidogo mno. Kasimile ilingojea mwisho, na hapo ndipo palipo na siri ya kazi nzima: bibi aliyatoa makaa mawili matatu chini ya chungu, akaimimina kasimile kwa utaratibu, kisha akashika upawa wa kifuu na kuanza kuuteka mchuzi na kuurudisha, kuuteka na kuurudisha, bila ya kupumzika, mpaka ulipochemka wote kwa pamoja, maana tui likiachwa dakika chache tu bila ya mkono hukatika, mafuta yakaenda upande wake na maji upande wake, na hapana dawa. Nilifungua kinywa nimwulize jambo. Akasema pasipo kuinua uso, "Ngoja kwanza, mwanangu, tui halitaki mazungumzo."

Alipokwisha kuepua ndipo alipokubali kuulizwa. Nikataka kujua kiasi cha maji ya kukamulia, naye akanijibu kwamba maji yanategemea nazi: iliyokomaa mtini ni nyingine, iliyoanguka ikalala chini ya mnazi ni nyingine, na koroma haina haki ya kuingia katika chungu cha mgeni. Maji ya wali aliyapima kwa kidole, kina chake kupita mchele kisizidi pingili ya kwanza. Na moto wa kupalia juu ya kifuniko aliupima kwa kiganja alichokiweka karibu, akihesabu kimoyomoyo. Mwanamke huyu hakupata kusoma kipimo kilichoandikwa, wala sidhani kama amepata kukosea.

Nimeyasimulia haya kwa urefu kwa sababu nataka kusema jambo moja, nalo ni kwamba maarifa haya yote, ambayo ndiyo yaliyowakuza watu wa Kilwa na mwambao wa Lindi kizazi baada ya kizazi, hayana ukurasa mmoja uliochapwa kwa ajili yake, ukamfikia mtu wa Pande mkononi mwake. Na kwamba umewadia wakati wa kuwa na jarida la chakula la pande hizi, dogo, safi, la Kiswahili, lenye kugawiwa bure.

Kiswahili si kigeni katika majarida. Msimulizi lilitoka Unguja mwaka 1888 kwa mikono ya watu wa misheni ya Kiungani. Na mwaka 1903 kitabu cha desturi za Waswahili, kilichoandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kilichapwa Ujerumani kwa usimamizi wa Carl Velten, hata leo atakaye kujua namna wazee wetu walivyokaribishana na kukirimiana hukirejea. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923, na kwa senti 10 tu msomaji wa kijijini alipata ndani yake habari za dunia, mashairi, maneno ya kilimo na barua za wenziwe. Kisha, mwaka 1975, miaka miwili baada ya kampeni ya Mtu ni Afya, ikaja ile ya Chakula ni Uhai, ambapo watu wazima katika vijiji vya nchi nzima walikusanyika kwa vikundi kuisikiliza redio, kitabu kikiwa mbele yao, wakazungumza habari za lishe na njaa. Ilikuwa kazi yenye ihsani kubwa. Lakini ilimfundisha mwanakijiji kile alichodhaniwa hakijui. Kumwuliza kile alichokuwa akikijua, ambacho pengine kingeweza kuifundisha nchi, halikuwa kusudio lake.

Ugenini wamekwisha kuligundua hili. Katika mji mdogo wa Ojai, huko California, wanawake wawili, Tracey Ryder na Carole Topalian, walianzisha mwaka 2002 jarida walilolipa jina la Edible Ojai, lenye kuandika habari za chakula cha mji ule na vitongoji vyake tu: nani analima nini, nani anaoka mkate gani, msimu gani umeingia. Liligawiwa bure, gharama zake zikilipwa na matangazo ya wenye maduka na mashamba; na mfano wake ukaenea Marekani na Kanada hata yakapatikana majarida ndugu kwa makumi, kila moja na mji wake, na mwaka 2011 wakfu wa James Beard ukayapa yote kwa pamoja tuzo ya uchapishaji bora wa mwaka. Ikiwa mji ambao wengi wetu hatukupata kulisikia jina lake umeona matunda yake yanastahili kuandikwa, seuze Kilwa?

Naam, seuze Kilwa. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 alituachia kutoka Mogadishu habari ya meza nzima: wali uliopikwa kwa samli, vitoweo vya kuku na nyama na samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, na achari za ndimu na pilipili na tangawizi na maembe. Alipofika Kilwa akamsifu Sultani Hasan bin Suleiman kwa ukarimu na unyenyekevu, akasema kwamba alikuwa akila pamoja na mafakiri. Lakini walichokula hakukitaja. Mara nyingi nimeirudia habari ile, na kila mara nimetamani laiti kalamu yake ingalitulia hapo kitambo kidogo. Wareno walioivamia Kilwa mwaka 1505 waliandika juu ya michungwa na milimau na vitunguu vya bustani zilizonyweshwa kwa maji ya visima, wakaishia hapo. Na wachimbuaji waliokuja miaka ya 1960, akina Neville Chittick, walifukua Kilwa Kisiwani vigae vya bakuli kutoka China na Uajemi, vizuri vya kustaajabisha, ambavyo vimehifadhiwa na kuhesabiwa. Na magofu yenyewe ya Kisiwani na Songo Mnara yakaingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1981. Bakuli tunazo. Kilichokuwa ndani ya bakuli, na mkono uliokipika, hakuna aliyeviandikia hati.

Atakayesema kwamba haya ni mambo ya anasa, na kwamba mchuzi hauna haja ya karatasi, namwomba aufikiri mzizi wa ndiga. Huu ni mzizi wa porini wenye sumu, ambao watu wa kusini wameukimbilia kila zilipowajia njaa, nazo ziliwajia nyingi. Ile iliyofuata Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi, hapa hapa nyuma ya Kilwa, baada ya Wajerumani kuyachoma mashamba na maghala, iliua watu wengi kuliko risasi. Ndiga humenywa, hukatwa vipande vyembamba, huwekwa siku kadhaa katika maji yapitayo, huanikwa, na ndipo hupikwa; na mwenye kuijua kazi hii hutambua kwa macho na vidole kama sumu imekwisha kutoka au bado. Ming'oko nayo, ambayo haina madhara na ambayo wana wa kusini huitamani kila kiangazi, yahitaji ajuaye kuutambua utambaazi wake mkavu katikati ya vichaka ambako mimi na wewe tungepita tusione kitu. Elimu ya namna hii ikipotea nusu ni hatari zaidi ya kupotea yote, kwa kuwa mwenye nusu atathubutu.

Nayo inapotea, tusidanganyane. Nimeona katika nyumba ambazo minazi imezunguka ua pande zote tui la pakiti likikatwa kwa mkasi, na mchuzi wa samaki aliyevuliwa asubuhi ile ukitiwa mchemraba wa dukani ambao hufanya kila chakula kiwe na ladha moja, cha Lindi na cha Dar es Salaam na cha popote. Vijana hujifunza mapishi ya nchi za mbali katika simu zao, ilhali nyanya yao ameketi hatua tano kutoka walipo, na hakuna amwulizaye. Ufuta wa mkoa huu, ambao ni miongoni mwa neema kubwa za Lindi na hufanya maghala ya vyama vya msingi yajae hadi mlangoni msimu wa stakabadhi ghalani unapofika, hupanda malori ukaenda zake Asia. Korosho ghafi huenda India na Vietnam kubanguliwa huko. Na mtoto wa mkulima aghalabu hujua zaidi kufunga gunia kuliko ladha ya mchuzi wa korosho changa aliokuwa akiupika bibi mzaa baba yake. Sina neno na biashara, nayo ni riziki ya watu. Huzuni yangu ni kwamba katika kuuza tumesahau kujibakishia hata maarifa ya namna ya kukila tukiuzacho.

Jarida ninaloliwazia halihitaji mambo makuu. Kurasa 16 zatosha, mara nne kwa mwaka, zifuate misimu: ufuta, korosho, maembe, kaskazi na kusi pamoja na samaki ziletazo. Wenye maduka wa Kilwa Masoko na Kilwa Kivinje, nyumba za wageni, wenye mashua na mabasi ya abiria, walipie matangazo yao, na hiyo ndiyo iwe fedha ya karatasi na wino, kwa maana mtu wa Pande hatatoa bei ya kibaba cha mchele akanunulie karatasi, naye si wa kulaumiwa. Tena maarifa yenyewe yalitolewa bure na wazee, basi haistahili kumwuzia mtu wasia wa mama yake. Liwekwe gatini, zahanati, katika maghala ya ufuta wakulima wanapongojea mizani, na barazani baada ya swala ya Ijumaa.

Uandishi wake ndio utakaotaka adabu. Mwandishi aende na kalamu yake, aamkie, aketi chini, atazame kazi mara ya kwanza asiandike, mara ya pili aandike, na mara ya tatu amsomee bibi alichoandika ili amsahihishe. Na pahali bibi aliposema kwa Kimachinga, Kimwera au Kimatumbi, neno lake libaki kama lilivyo. Juu ya kila pishi iwekwe sanadi yake, kama wafanyavyo wanazuoni katika kupokezana elimu: limepokewa kwa fulani, aliyepokea kwa mama yake, aliyepokea kwa mkwewe wa Kiswere. Wasomaji wa mjini huenda wakaiona sanadi kuwa ni urefu usio na faida. Mimi naiona kuwa ndiyo moyo wa jarida, kwa kuwa wanawake hawa wamelisha vijiji maisha yao yote na majina yao hayajapata kuchapwa popote isipokuwa katika kadi ya kliniki.

Tusichelewe. Bibi mzaa mama yangu alikuwa akioka mkate wa mofa, unga wa mtama, katika tanuri dogo la udongo alilolijenga mwenyewe upande wa jiko usiopigwa na kusi, akiubandika mkate kwa kiganja kilicholowana katika ukuta wa tanuri na kuutoa ukiwa na alama ya moto upande mmoja tu. Nasi watoto tulipewa wa kwanza kutoka, ambao kwa kawaida huharibika umbo, tukaula kwa asali au kwa mchuzi wa papa uliobaki usiku. Baada ya yeye kufariki niliwauliza walio hai namna ya kuukanda unga ule. Shangazi aliniambia unga ulilala usiku mzima na togwa ndani yake. Mama mdogo akaapa kwamba togwa haikutiwa kamwe, bali maji ya dafu lililochachuka. Na mjomba, ambaye ndiye aliyemchimbia udongo wa tanuri, hakumbuki tena ulichimbwa kichuguu kipi. Nimejaribu njia zote mbili kwa unga wa mtama uliosagwa mashineni, na mkate umekataa kushika ukutani. Katika nyumba za Pande nilizokaribishwa nimeuliza kama tanuri la mofa lipo, nikaonyeshwa pahali lilipokuwa.