Mufasa, Mbona Hukushtuka?

Tuanze na jina. Katika Mufasa: The Lion King, filamu ya Barry Jenkins iliyotoka Desemba 2024, mwanamfalme ambaye baadaye atakuwa Scar anaitwa Taka. Mtazamaji wa Chicago anasikia jina la Kiafrika tu, linapita. Sisi tunasikia mawili: uchafu wa jalalani, na kitenzi cha kutamani. Jamani, mzazi gani, tena mfalme, anamwita mrithi wake Taka? Simba mdogo hajakosa lolote na hukumu yake imeshasomwa.

Hapo ndipo tatizo la filamu hizi zinazorudi nyuma kusimulia yaliyotokea kabla ya hadithi tunayoipenda. Mwisho tunaujua. Kazi iliyobaki ni kueleza tulifikaje huko, na kila maelezo yanaigusa filamu ya kwanza, upende usipende. Wapo wanaosema ile ya 1994 ipo palepale, hakuna aliyeifuta, sasa shida iko wapi? Jibu hilo ni jepesi mno. Tunapoitazama tena tunakuja na tunachokijua, na tunachokijua kimebadilika.

Chukua tukio la korongoni. Mufasa ananing'inia ukingoni, nyumbu wanapita chini kwa kishindo, anamwomba Scar msaada na kumwita ndugu. Scar anamkita makucha na kumwachia aanguke. Uchungu wa pale ulitokana na kutojua. Mufasa alimwona Scar kama ndugu mvivu mwenye kinyongo na kejeli, wale ambao kila ukoo unaye mmoja. Hakudhani angeua.

Sasa sikia anachotuambia Jenkins. Mufasa ni mtoto aliyetenganishwa na wazazi wake kwa mafuriko, akapokelewa na familia ya Taka. Taka anatamani sana kupata ndugu, hata anakubali kushindwa mbio makusudi ili mgeni asifukuzwe. Baadaye Sarabi anampenda Mufasa, wivu unamwingia Taka, naye anamuuza mwenzake kwa Kiros, simba mweupe aliyekuja kuwamaliza. Mufasa anayajua yote. Anamwacha hai, lakini anaapa kutolitamka tena jina lake.

Kwa Scar, huu ni utajiri. Yule wa 1994 alikuwa mwovu mtamu kumtazama, ila sababu yake ilikuwa nyembamba: kazaliwa mtoto, yeye kasogezwa nyuma kwenye foleni ya ufalme. Sasa ana kidonda unachoweza kukihurumia. Alimpa mtu nafasi nyumbani kwake, akaishia kukosa kiti na mchumba.

Kwa Mufasa, ni hasara tupu. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu aliumwa kweli, mchana kweupe, halafu akamwacha nyoka akae jirani na mwanawe. Ule wito wa "ndugu" pale ukingoni ulikuwa imani. Sasa unasikika kama uzembe wa baba. Filamu iliyotengenezwa kumtukuza imemfanya aonekane mjinga.

Halafu kuna zile nyota. Mwaka 1994 Mufasa anamwambia Simba kwamba wafalme wakuu waliopita wanatutazama kutoka juu, na kwamba yeye aliambiwa hivyo na baba yake. Katika filamu mpya baba huyo si mfalme, na Mufasa mwenyewe anapewa ufalme na wanyama waliokusanyika baada ya vita. Wafalme gani basi? Star Wars ilijikwaa vivyo hivyo: mwaka 1983 Leia anamkumbuka mama yake, kisha filamu ya 2005 inamwonyesha mama huyo akifa mara tu baada ya kujifungua.

Ajabu ni kwamba wazo la ufalme wa kupewa ndilo bora kuliko yote katika kazi ya Jenkins. Asiye na ukoo anaongoza kwa aliyoyatenda, na mwenye damu ya kifalme anakosa. Lakini wazo hilo haliwezi kwenda mbali, maana Simba anangoja mbele arithi kwa kuzaliwa. Jenkins anafungua mlango, hadithi ya zamani inamlazimisha aufunge.

Kwa hiyo zinadhoofisha au hazidhoofishi? Kipimo changu ni hiki. Hadithi ya nyuma ikimpa mhusika sababu ambayo matendo yake ya baadaye yanaweza kuibeba, filamu ya kwanza inanona. Ikimpa maarifa, kisha baadaye anatenda kana kwamba hana, inapungua. Mufasa imefanya yote mawili: imemkuza ndugu mmoja na kumpunguza mwingine, tena yule ambaye jina lake liko kwenye bango.

Ukiwa na mtoto nyumbani ambaye hajaona hata moja, mwanzishie ile ya 1994. Mwache amlilie Mufasa kwanza. Swali la kwa nini hakujihadhari atalikuta baadaye.