Nani Asimulie Kisa cha Rosa

Mtungaji aandikaye habari za vijana sharti aamue kwanza ni nani atakayesimulia. Katika Rosa Mistika, hadithi ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, uamuzi huo una uzito, maana hukumu ya msomaji juu ya msichana hutegemea mahali asimamapo msimulizi.

Rosa, binti wa Ukerewe, analelewa na Zakaria, baba mkali na mlevi, ambaye anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Masomo yanamfikisha Chuo cha Ualimu Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, mbali mno na fimbo ya baba. Hapo ndipo faida ya msimulizi ajuaye yote inapoonekana. Kama Regina, mama yake, ndiye angesimulia, mambo ya Morogoro yangemfikia kwa barua na uvumi tu. Na barua za binti kwa mamaye husitiri mengi. Msimulizi huyu anaingia nyumbani kwa Zakaria, kisha anaingia chuoni, ambako mkuu mwenyewe anamtaka mwanafunzi wake. Hivyo lawama haimwangukii msichana peke yake.

Lakini msimulizi huyo hupenda mno kueleza sababu za mambo, na kila aelezapo, Rosa hunyamaza. Ajabu ni kwamba mashtaka yake makubwa juu ya baba yake anayatoa akiisha kufa, mbele ya Mungu.

Huenda ikasemwa kwamba ajiuaye hawezi kusimulia kisa chake mwenyewe. Hoja hiyo ni dhaifu. Katika Kichwamaji, kitabu cha mwaka 1974, Kezilahabi huyo huyo alimwachia Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, asimulie kwa kinywa chake, na Kazimoto naye anajiua. Kijana mwanamume alipewa “mimi”. Msichana akabaki “yeye”. Labda ilikuwa hadhari: hata hivyo alivyosimuliwa, Rosa alizuiwa mashuleni kwa muda.

Mtungaji wa leo atakaye kuandika habari za mwali wa Kiluguru atakutana na shida hiyo kwa sura nyingine. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana kauli. Kisa kinachojengwa juu ya fimbo ya baba hakitasimama huko. Tena mwali huwekwa ndani. Waingiao kwake ni wanawake wakubwa. Msimulizi asimamaye uani atasikia nyimbo tu, asijue aliyemo ndani anacheka au analia.