Kilele Asichokifikia: Motifu ya Safari na Majaribu katika Filamu ya Soul Boy na katika Insha za Wanafunzi Wetu

Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha za masimulizi anaifahamu insha ya safari ya shule. Msimulizi hurauka kabla ya jogoo la kwanza. Jua huchomoza matlai likitabasamu. Basi huondoka, wanafunzi huimba, na ndege nao huitikia mitini. Kisha hutokea taharuki: nyati, simba au mvua ya mawe. Msimulizi hupambana, hushinda, hufika kileleni, na kurejea nyumbani akiwa amejifunza kwamba mvumilivu hula mbivu.

Makala haya yanadhamiria kuihakiki insha hiyo kwa kuilinganisha na kazi ambayo si kitabu teule lakini inafaa sana darasani, yaani filamu ya Soul Boy iliyotoka mwaka wa 2010. Hoja yetu ni moja. Katika hadithi ya safari na majaribu, uzito wa jaribio hautokani na urefu wa mlima. Hutokana na kile ambacho msafiri yuko tayari kukiacha kwa ajili ya mtu mwingine. Tusipowafunza watahiniwa jambo hili, huwa tunawafunza kudanganya. Neno hilo ni zito, kwa hivyo afadhali nianze na kosa langu mwenyewe.

Safari ya Ngong

Ninafundisha katika shule ya kutwa ambayo wanafunzi wake wengi hutoka Kibera na Kawangware, mitaa iliyo pande mbili za Barabara ya Ngong. Muhula mmoja tuliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kwenye Vilima vya Ngong. Wengi wao walikuwa wameviona kwa mbali tangu utotoni, lakini hawakuwa wamewahi kuvikanyaga.

Njiani hakuna simba. Kuna mitambo mirefu ya umeme wa upepo, ambao ulianza kuzalishwa huko mwaka wa 1993. Kisha kuna njia nyembamba inayopanda na kushuka vilima ambavyo kwa desturi huhesabiwa kuwa saba, hadi Kona Baridi. Upande mmoja unaiona Nairobi yote. Upande wa pili nchi inaporomoka kuingia Bonde la Ufa. Changamoto kubwa ni upepo, unaomsukuma mtu ubavuni kama anayedaiwa.

Katika kilima cha tatu mvulana mmoja wa Laini Saba, ambaye kila asubuhi huvuka reli pale Kibera bila kugeuza shingo, aliketi chini akashika nyasi kwa mikono miwili. Alikataa kupanda, akakataa kushuka. Wenzake walimcheka kidogo, wakapita. Msichana mmoja wa Kawangware, aliyekuwa miongoni mwa waliotangulia, alirudi akaketi kando yake. Mwalimu mwenzangu alibaki nao. Baada ya muda mrefu watatu hao waliteremka polepole hadi langoni. Kilima cha nne hawakukiona.

Juma lililofuata nilitoa insha juu ya safari ile. Msichana yule aliandika kwamba alifika kilima cha saba, akakabiliana na nyati, akapunga bendera ya shule. Mvulana hakutajwa popote. Nilimpa alama 17 kwa 20 nikaandika ukingoni, "Kazi nzuri, tamathali zimekolea." Nami nilijua fika kwamba hakufika. Siku chache baadaye nilimwuliza mbona hakuandika yaliyotokea. Alinitazama kwa mshangao.

"Si hayo hayana kilele, Mwalimu?"

Alikuwa akitumia istilahi niliyomfunza mimi. Kilele cha mlima na kilele cha hadithi vilikuwa vimekuwa kitu kimoja akilini mwake, na jambo jema kuliko yote aliyoyatenda siku ile akalifuta ili apate alama.

Muhtasari wa filamu

Soul Boy iliongozwa na Hawa Essuman kutokana na mswada wa Billy Kahora, na ilipigwa Kibera kwenyewe. Mazungumzo yake mengi ni ya Kiswahili, na urefu wake ni wa saa moja hivi, kwa hivyo yatosha vipindi viwili vilivyofuatana. Mhusika mkuu ni Abila, kijana wa miaka 14, ambaye asubuhi moja anamkuta babake hajiwezi, akidai kwamba roho yake imechukuliwa. Abila anafuatilia habari hizo hadi kwa Nyawawa, pepo mwenye umbo la mwanamke, ambaye anampa majaribu saba. Akiyatimiza, babake ataponywa. Rafiki yake Shiku anaandamana naye.

Motifu ya safari na majaribu

Mtahiniwa wa Fasihi Simulizi ataitambua sura hii mara moja. Katika ngano zetu, shujaa hutoka nyumbani kwa sababu ya upungufu fulani, hukutana na kiumbe mwenye nguvu, hupewa masharti, hupata msaidizi, na hurejea akiwa amebadilika. Hata idadi ya saba ni ya ngano. Kahora hakuibuni fani hii; ameirithi na kuihamishia mtaani.

Uhamishaji huo ndio unaostahili kuchunguzwa. Katika imani za Waluo, nyawawa ni mapepo wapitao usiku, nao wanakijiji hupiga mabati na masufuria ili kuwafukuza. Katika filamu, Nyawawa ana makao Kibera, naye kijana hamfukuzi kwa kelele, bali anamwendea na kuzungumza naye. Mabadiliko haya yanaonyesha kwamba fasihi simulizi haikufia vijijini. Imepanda basi, ikashuka mjini, ikapanga chumba. Mwalimu anayetafuta mfano wa kuthibitisha kwamba fasihi simulizi hubadilika kulingana na wakati na mazingira ameupata hapa.

Tuyatazame sasa majaribu yenyewe. Miongoni mwake Abila anatakiwa kulipa deni la mtu mwingine bila kuiba, na kumsaidia mkosaji bila kumhukumu. Haya hayahitaji misuli. Hayahitaji pia kwenda mbali, ingawa safari inamfikisha kijana huyo hadi nyumba ya Wazungu matajiri, umbali mfupi kwa miguu na mrefu mno kwa maisha. Kila jaribio linamkutanisha na mtu. Mandhari ya Kibera, yaani vichochoro, mitaro na mapaa ya mabati, si pambo la kuamsha huruma ya mtazamaji. Ni uwanja ambamo uamuzi unafanywa.

Uteuzi wa majina nao una maana. Jina Abila linaashiria Mluo na Shiku ni Mgikuyu. Filamu ilitoka miaka miwili tu baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliikumba Kibera vikali. Vijana hawa wawili kutembea pamoja katika vichochoro vile ni jaribio la nane ambalo halikutajwa na Nyawawa.

Linganisha na riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka wa 1996. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta babake nchini Kenya. Msomaji hamfuati ili aone milima na mito, bali kwa sababu Kongowea hana baba, na asipompata hatajijua. Abila anaye baba lakini anampoteza machoni pake. Katika kazi zote mbili barabara inabeba uzito kwa sababu ya upungufu uliomtoa mtu nyumbani. Insha ya safari ya shule haina upungufu wowote. Msimulizi wake anaondoka akiwa kamili na kurudi akiwa kamili. Ndiyo sababu humlazimu kumkodi simba.

Udhaifu wa filamu

Haitakuwa haki kuisifu kazi hii bila kuipima. Kwanza, majaribu saba ni mengi kwa filamu ya saa moja. Baadhi yanapita kabla mtazamaji hajapata muda wa kuogopa, na hofu isiyoiva haizai ushindi unaogusa. Pili, kuna suala la usawiri wa mwanamke. Baba anaponzwa na pepo mwenye umbo la mwanamke, taswira kongwe ambayo wahakiki wa kike wameilalamikia kwa muda mrefu. Ni kweli kwamba Shiku ni jasiri na mwenye akili, lakini ujasiri wa msichana mmoja haufuti swali hili: mbona lawama za udhaifu wa mwanamume ziwekwe mlangoni pa mwanamke? Tatu, umaskini unaonekana wazi lakini chanzo chake hakihojiwi. Kijana anaiokoa nyumba moja, huku mtaa ukibaki ulivyokuwa. Mwanafunzi anayeweza kuzijadili kasoro hizi na bado akaeleza ubora wa filamu amekwisha kuwa mhakiki.

Funzo kwa mwalimu na mtahiniwa

Baada ya kuitazama filamu darasani nilimrudishia msichana yule insha yake na kumwomba aandike upya. Hakuanza siku hiyo. Alienda kwanza kumwomba mvulana ruhusa, jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Insha ya pili haikuwa na jua la matlai. Alieleza jinsi walivyokaa wakihesabu mizunguko ya mitambo ya upepo hadi vidole vya mwenzake vilipoachia nyasi, na jinsi sauti za wenzao zilivyozidi kufifia mbele huku akitamani kuwafuata. Aliandika pia kwamba alikasirika. Tamathali zilikuwa chache, na makosa ya tahajia hayakukosa. Kwa mazoea yangu ya zamani ningempa alama pungufu ya zile za kwanza. Nilimpa 18.

Simwambii mwalimu mwenzangu atupilie mbali methali na tashbihi. Tamathali ni mali ya lugha, na insha ya kubuni inaruhusiwa kubuni. Ninachosema ni kwamba kubuni si kukimbia. Aliyeandika Soul Boy alibuni pepo, lakini hakukimbia Kibera. Alimtumia pepo huyo kuikaribia zaidi. Mwanafunzi wetu alibuni nyati ili asituonyeshe saa aliyoketi kwenye nyasi, na sisi tulimlipa kwa kufanya hivyo.

Kwa hivyo, mtahiniwa anapopewa mada ya safari, ajiulize maswali matatu kabla ya kushika kalamu. Nani alikuwa na hofu? Nani aliacha kitu? Je, aliyerudi ni yule yule aliyeondoka? Akiyajibu, kilele kitajileta chenyewe, hata kama ni katika kilima cha tatu.

Maswali ya mazoezi

1. "Fasihi simulizi imehamia mjini." Jadili kauli hii ukirejelea usawiri wa Nyawawa katika Soul Boy. (Alama 20)
2. Linganisha upungufu unaowasukuma Abila na Kongowea Mswahili kuanza safari zao. (Alama 20)
3. Andika insha ya masimulizi kuhusu safari ambayo hukufika mwisho wake. (Alama 20)