Mzizi wa Minxian na Mkono wa Mshika Sindano

Danggui nzuri haihitaji kusogezwa puani. Fungua mfuko tu, chumba kizima kitajua. Harufu yake ni nzito na tamu, ina uchungu kwa mbali, na hung'ang'ania vidole hata ukinawa. Katika dawa za Kichina za wanawake mzizi huu haukwepeki: hedhi inayouma, hedhi inayoruka miezi, mimba inayochelewa, kote huko tabibu huuandika. Anayejua kuukagua hadanganywi kirahisi dukani.

Danggui yenye sifa hutoka Minxian, wilaya ya milimani kusini mwa mkoa wa Gansu, huko kwenye baridi, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Miche hukuzwa kitaluni kwanza, kisha huhamishiwa shambani, na mizizi huchimbwa vuli. Hufungwa vitita na kukaushwa taratibu kwa moshi wa moto hafifu. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Moto ukizidi, mafuta yenye harufu huruka yote, ukabaki na kitu kikavu kinachovunjika kama kijiti. Mzizi uliokaushwa vyema bado una ulaini fulani, na ukiukunja hukubali kidogo kabla ya kukatika.

Uangalie umbo lake: kichwa, mwili mnene, kisha mikia. Wazee wa fani wanavitenganisha. Kwao mwili hulisha damu, mikia huisukuma. Mwili mnene wenye mikia michache ndio unaolipiwa zaidi, na sokoni daraja hupangwa kwa hesabu ya mizizi katika kilo. Ya juu kabisa haizidi 20. Mimi sishangazwi sana na ukubwa. Ningeukata kwanza. Ndani pawe peupe panapoelekea njano, pametapakaa vitone vya kahawia vya mafuta, na duara hafifu la kahawia linalotenga ganda na moyo. Mmea uliowahi kutoa maua huwa na mzizi mgumu kama kuni, usio na kitu ndani. Muuzaji asiye na haya huukata vipande vyembamba na kuuchanganya na mizuri, na kwa sababu hiyo ni heri ununue mzizi mzima ukatiwe mbele yako.

Jihadhari na weupe wa kupendeza mno. Wafanyabiashara hufukiza mizizi kwa moshi wa salfa isiote ukungu wala kuliwa na wadudu, na rangi hung'aa. Pua itakwambia: badala ya utamu utasikia uchachu unaochoma. Mwongozo rasmi wa dawa wa China umeweka kikomo cha miligramu 150 za masalia ya salfa dioksidi kwa kilo kwa mitishamba mingi, danggui ikiwamo. Mwisho, tafuna kipande. Utamu utangulie, ukali ufuate, uchungu kidogo umalizie. Ulimi ukipata ganzi, umeuziwa mzizi mwingine. Duhuo, ambayo ni ndugu yake wa ukoo mmoja, hufanya hivyo.

Danggui haitembei peke yake. Mchanganyiko maarufu kuliko yote, siwu tang, una vitu vinne: danggui, chuanxiong, baishao na shudihuang. Uliandikwa katika kitabu cha duka la dawa la serikali enzi ya Song, na madaktari wa wanawake wameutumia tangu hapo. Wa kuangaliwa zaidi hapa ni shudihuang, kwa kuwa uzuri wake wote unatengenezwa na mkono. Mzizi hupikwa kwa mvuke, huanikwa, hupikwa tena. Desturi inasema mara tisa. Ulioiva ni mweusi hadi katikati, unang'aa, unanata, mtamu. Ukiukata ukakuta moyo wa kahawia, mtu alichoka kabla ya kazi kwisha.

Lakini kuna jambo ambalo jicho wala ulimi haviwezi kulitatua, nalo ni jina. Mapema miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza unene walianza kuharibikiwa figo. Mmea wa fangji uliotakiwa kutiwa humo ulikuwa umebadilishwa na guangfangji, mmea mwingine wenye asidi ya aristolokia, ambayo huua figo na huleta saratani ya njia ya mkojo. Zaidi ya wanawake 100 walidhurika. Mkasa huo unawahusu wasomaji wa ukurasa huu moja kwa moja, maana danggui sini tang, dawa wanayopewa wenye miguu ya baridi na maumivu ya hedhi, ina kitu kiitwacho mutong, na kwa miaka mingi aina iliyouzwa kwa jina hilo, guan mutong, ilikuwa na sumu ileile. China iliipiga marufuku mwaka 2003. Basi duka la kuaminika huandika jina la kisayansi la mmea, mahali ulikotoka na namba ya shehena, na muuzaji hakasiriki ukiuliza. Akijibu kwamba dawa ya asili haina madhara, rudisha pochi yako mkobani.

Ejiao nitaipitia haraka. Ni gundi ya ngozi ya punda, fahari ya Dong'e katika mkoa wa Shandong, na huandikwa kwa wanawake wenye upungufu wa damu au mimba inayotishia kutoka. Iliyo bora ni kahawia, inang'aa, hupitisha mwanga pembezoni na huvunjika kwa sauti kavu. Ya ngozi nyingine hunuka ikiyeyushwa. Ila hamu ya dawa hiyo ndiyo iliyopunguza punda wa watu Afrika Mashariki, wakaibwa usiku na kuchunwa porini, hadi Umoja wa Afrika ukazuia biashara ya ngozi zao mwezi Februari 2024. Hata iwe safi namna gani, mimi siinunui. Mwenye upungufu wa damu apimwe, apewe madini ya chuma.

Sasa sindano za tiba ya Kichina. Pakiti ifunguliwe mbele yako, sindano itumike mara moja, ikitoka iingie kwenye kopo gumu. Hayo hayana mjadala. Ufundi wenyewe huonekana kabla ya kuchoma. Tabibu hodari hukutuma msalani kwanza, kwa kuwa hachomi chini ya kitovu juu ya kibofu kilichojaa. Hapimi kwa rula. Hupima kwa mwili wako. Sanyinjiao, nukta ya wanawake kupita zote, ipo upana wa vidole vyako vinne juu ya kifundo cha ndani cha mguu, nyuma kidogo ya ukingo wa mfupa, na ataibonyeza kuitafuta kabla hajaigusa kwa chuma. Ngozi hupitwa kwa mpigo mmoja mwepesi, kisha mkono hupunguza mwendo. Unachotakiwa kuhisi ni uzito, kujaa au ganzi inayotambaa, ambayo Wachina huiita deqi. Maumivu makali yanayochoma ni kosa, na fundi hulirekebisha hapohapo bila kukwambia uvumilie. Tena atakuuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Ikiwa imechelewa, Sanyinjiao na tumbo la chini ataviacha, kwa kuwa desturi inavikataza kwa mjamzito.

Je, mkono huo huleta mtoto? Mwaka 2002 utafiti wa Ujerumani uliohusisha wanawake 160 ulisema sindano siku ya kupandikiza kiinitete huongeza mimba, na kliniki nyingi duniani zimeuza matumaini hayo tangu hapo. Mwaka 2018 utafiti mkubwa zaidi, wa wanawake 848 Australia na New Zealand, ulilinganisha sindano za kweli na za bandia: waliojifungua walikuwa kama asilimia 18 pande zote mbili. Nchini China kwenyewe, mwaka 2017, wanawake 1,000 wenye tatizo la uvimbe mwingi mdogo kwenye ovari walifuatiliwa. Kidonge cha klomifeni kiliongeza watoto, sindano hazikuongeza. Wapo wanaolala vizuri zaidi na kutulia wakati wa matibabu mazito, na hilo si dogo, lakini ni bidhaa nyingine, na iuzwe kwa jina lake.

Ndiyo sababu nampima tabibu kwa maswali yake kabla ya kupima danggui yake. Akishika mapigo ya mshipa, akatazama ulimi, halafu akauliza kama mumeo amepimwa mbegu, huyo anajua kazi. Akitaka kuona picha ya mirija yako, akauliza kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa danggui huiongezea nguvu warfarini, huyo anajua zaidi. Umri ukiwa umepita miaka 35 na miezi sita imekwisha bila mimba, hatakuweka kwake. Atakuandikia barua ya kwenda hospitali leo, na dawa zake zitasubiri majibu. Na malipo atapanga kwa mizunguko michache ya hedhi, akikwambia tangu mwanzo ni kitu gani kisipobadilika ataacha kukutoza.